Kidole Gumba

Wamono, umeuliza kama ile karatasi ina faida,
ukanipangia hesabu: ada ya mihula minne,
fahali wa mama, na kahawa ya mteremko wa chini
iliyouzwa ikiwa bado maua.

Wewe umejifunza kwa simu, chumbani Budadiri,
kwa bando la usiku, spika ya sikio moja imekufa,
na tayari kuna kampuni inakulipa kwa dola.
Sibishi. Dola ni dola.

Mimi nilikaa Makerere miaka miwili na nusu
nikiifundisha mashine kuijua kutu ya majani ya kahawa.
Iliijua upesi mno: asilimia tisini na saba.
Maabara ikapiga makofi, Khainza akanunua chapati za mayai.
Msimamizi wangu hakupiga.
Alisema, "Inajua nini?"
akaondoka na kikombe chake cha chai.

Swali hilo nililala nalo wiki saba.
Umeme ukirudi nilizikagua picha kwa macho,
elfu nne na mia mbili, moja baada ya moja,
hadi nikaona: kila jani gonjwa
limeshikwa na kidole gumba kilekile,
cha mpiga picha wetu, ukucha umepasuka.
Mashine haikuijua kutu.
Ilimjua Gidudu.

Nilicheka, kisha nikalia, kisha nikaanza upya.
Tisini na saba ikashuka hadi sitini na moja,
na sitini na moja hiyo ndiyo niliyoiandika,
ndiyo iliyofungwa ndani ya jalada gumu.

Kwenye usaili, Kololo, afisa wa ajira alitaka cheti;
bila hicho nisingevuka meza ya kwanza.
Meza ya pili hakuna aliyekigusa.
Waliniuliza tu: mara ya mwisho ulikosea lini,
na ulijuaje?
Nikawasimulia ukucha.

Kwa hiyo sijui, ndugu yangu.
Huenda wewe ungeugundua peke yako, usiku mmoja, kwa bando.
Huenda mteja wako angekulipa kwa ile tisini na saba,
na mtu wa Sironko akang'oa mibuni mizima.
Nilichonunua mimi ni mtu wa kuniuliza "inajua nini?"
na muda wa kutomjibu.

Bei yake ilikuwa fahali.
Mama bado humtaja kwa jina.