Pigo la Kumi na Tatu

Nilichimba hadi kiunoni, kisha hadi kwapani.
Jansug alikaa juu ya mzigo, akitafuna mkate,
chuniri yake imefungwa blanketi isipate unyevu.
Akasema: harusi ni kesho, si Pasaka.

Nikalainisha ukuta wa shimo kwa kiganja,
nikausoma kutoka chini:
hapa Novemba, imeng'ang'ania majani;
hapa mvua iliyoozesha nyasi za ng'ombe, sasa ganda la kioo;
hapa wiki tuliyomzika shangazi Tsiuri,
theluji nene, isiyo na upepo,
tukalichimba kaburi mara mbili.

Na juu yake, unene wa vidole viwili,
zile siku kumi za Januari, anga tupu,
baridi ikipasua magogo uani.
Nilizichota. Chembe kavu, kama sukari iliyomwagika,
hakuna hata moja inayomjua jirani.

Juu ya sukari hiyo upepo wa jana
umelaza bamba gumu, jeupe pee,
linalokubeba ukitembea, nawe ukashukuru.

Nikakata nguzo, nikaweka koleo juu, nikapiga.
Kumi kwa kiganja: kimya.
"Unaona," akasema Jansug.
Kisha kutoka kwenye kiwiko.
Moja.
Mbili.
La tatu, bamba likachomoka zima
kama droo, likanilalia mapajani.

Juu yetu mteremko umejaa pomoni, unang'aa.
Kimya kingi kina mshindo mkuu;
nilitaka kumwambia, nikauona uso wake, nikaacha.

Tukarudi. Hakusema neno hadi kwenye minara ya kijiji.
Ng'ambo walicheza bila chuniri.

Na mteremko haukuporomoka.
Si siku ile, si wiki ile.
Machi ulianza kudondoka, tone kwa tone,
ukateremka mtoni taratibu kama mstaafu anayerudi kwao.

Jansug hunitania mezani:
mwiteni Nateli na koleo lake
atuambie kama supu imeiva.
Watu hucheka. Nami hucheka.
Ningemwonyesha nini?
Aliyefukiwa ana ushahidi; aliyerudi ana njaa tu.

Mei tulipita pale na ng'ombe.
Nyasi, maua ya njano, nzi.
Akaketi hasa nilipochimba, akafungua jibini,
akanikatia kipande kikubwa kuliko chake.
Sikuuliza.
Chini ya shali mkono wangu ulikuwa ukigonga goti:
kumi na moja,
kumi na mbili.