Kamba ya Kidoleni

Usiku ule Mahurunga, chumba cha elfu saba,
tulifungana kamba ya katani,
kidole gumba cha mguu wako, kidole gumba cha wangu,
kwa kuwa mwenye nyumba ya wageni aliandika kiganjani mwake,
kwa wino wa buluu,
kwamba atatugongea mlango saa kumi.
Agonge tu. Mlango ni wake.
Sisi tuliamshwa na simu iliyotetemeka kifuani pako:
ukavuta, nikavutika,
nikatoka usingizini kama kambare.

Jina lako kwa watu ni Somoe.
Kwangu ni kidole kinachopita juu ya nyusi,
palipobaki kovu la bembea ya darasa la tatu.

Shangazi Nambeha alitupa sanduku lake la magurudumu,
zuri, jekundu, la Maka.
Tukamrudishia. Alinuna.
Tungemwelezaje? Mwenye kukokota sanduku
amebaki na mkono mmoja,
na mkono mmoja ni nusu ya mdomo.
Tulitaka mabegi ya mgongoni:
mzigo nyuma,
maneno mbele.

Kilambo, ofisi ya uhamiaji.
Afisa akasema. Tukagusa masikio, tukatikisa kichwa.
Akasema tena, safari hii kwa ukubwa,
mdomo ukafunguka kama mlango wa banda,
nikauona muhogo wa asubuhi bado umekaa kwenye gego.
Mwishowe akachukua karatasi:
NANI ANAWAONGOZA?
Ukaandika chini yake: Yeye.
Nikaichukua kalamu, nikaandika chini ya lako: Yeye.
MNAKWENDA KUTIBIWA?
Hapana.
MSIBA?
Hapana.
Kalamu yake ikasimama hewani.

Naelewa. Kiziwi husafirishwa.
Husafirishwa hospitali, husafirishwa kwenye maombezi,
mimi nimewahi kusafirishwa hadi Nachingwea
nikamwagiwa mafuta ya karafuu sikioni na mtu nisiyemjua,
na njiani hakuna aliyeniambia twendapo.
Kitenzi kile tumekibeba tangu utotoni.
Sasa tulikuja kukivua, pale kaunta,
mbele ya picha ya rais na kalenda ya benki.
KUTEMBEA, uliandika.
Ukapigia mstari.

Muhuri ulipotua
niliusikia kwenye viwiko, kupitia meza.

Chini mtoni, kati ya mifuko ya saruji,
kijana mmoja mpagazi alituona tukizungumza.
Akashusha mzigo. Akapangusa mikono kwenye kaptura,
kama mtu anayesafisha koo.
Halafu akatuambia jambo refu, la haraka,
vidole vikaruka kifuani, shavuni, vikaenda ng'ambo
vikarudi,
na hatukushika hata neno.
Ulinitazama. Nilikutazama.
Lugha yake ilikuwa ya upande ule!
Nyumbani hatuelewi kwa sababu sisi ni viziwi.
Pale hatukuelewa kwa sababu sisi ni wageni,
kama Mwingereza yeyote,
kama mfanyabiashara wa korosho kutoka India.
Nilicheka mpaka begi likanishuka begani.
Yeye naye akacheka, akaanza upya, polepole,
na kwenye "mto" tukakutana,
na kwenye "kiboko",
na kwenye "msiogope", ingawa hilo
huenda lilikuwa "ogopeni".

Boti ni ndogo, Ruvuma ni pana,
injini inaongea kwenye mbao na mbao inaongea kwenye mifupa.
Mawimbi ya matope. Tukashika kingo,
wewe kwa mikono miwili, mimi kwa mikono miwili,
na hapo ndipo ukatuangukia ukimya,
ule ambao watu hudhani tunaishi ndani yake.
Sikuupenda.
Ukanikanyaga mguu. Mara mbili.
Nilitazama chini: kidole chako bado kina kamba,
kipande, kimelowa,
umesahau kukifungua.

Katikati ya mto uliachia mkono mmoja,
ukaanza kusema kitu.
Boti ikainama. Ukashika tena.

Ng'ambo nilikuuliza ulitaka kusema nini.
Ulifikiri kidogo,
ukafuta hewa kwa kiganja:
umesahau.
Tukapandisha mabegi, tukaanza kupanda kingo,
tukibishana kuhusu bei ya metikali.