Kaunta ya Marejesho, Katowice

Januari, siku ya nane. Theluji imegeuka tope
jeusi mlangoni mwa duka.
Krismasi imekwisha; sasa inarudi kwangu
ndani ya maboksi yake, na risiti zimekunjwa mara nne.

Naitwa Bogna. Nakaa nyuma ya kaunta ya marejesho,
chini ya bango lisemalo KESHO IMEFIKA, IVAE.
Kesho hiyo naipokea kwa mikono miwili,
naipangusa jasho, naikagua vioo,
nachagua sababu kwenye kompyuta:
moja, mbovu; mbili, mteja kabadili nia; tatu, mengineyo.

Wa kwanza ni mama mwenye koti la manjano.
Sebule yao, asema, ni hatua tatu kwa mbili.
Mwanawe alikuwa anapigana na zimwi
akaiangusha taa ya bibi yake, taa ya kioo
iliyovuka vita salama.
"Zimwi lilikufa?" nauliza.
"Zimwi? Halina hata mchubuko."
Naandika: mengineyo.

Kisha Tymek, uso bado una ukijani.
Macho yalikimbia, tumbo likabaki kitini,
vikagombana njiani;
aliyelipa ni zulia.

Wa tatu hana kosa la kutaja. Alicheza wiki nzima.
Ila marafiki zake hawakununua, akabaki peke yake
kwenye ukumbi wa dhahabu wenye viti elfu,
akiwapungia mkono watu wa kuchorwa.
"Ni kama kumiliki simu ya kwanza duniani," asema.
"Utampigia nani?"

Meneja Radosław anataka jibu la mstari mmoja:
je, soko limeiva? Makao makuu huuliza kila mwaka,
kama mtu afunuaye sufuria kila dakika
halafu ashangae mbona wali hauivi.
Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, sawa,
lakini hiki si kibaya. Nimekivaa.
Nilisimama juu ya mnara, magoti yakanitetemeka
kwa kimo kisichokuwapo,
nikalia, machozi yakanywewa na sponji.
Dakika kumi na mbili. Kisha shingo ikadai haki yake
na betri ikaniaga.
Methali haina mlango wa katikati,
na hapo hapo ndipo kilipokwama, nusu kilo,
usoni.

Saa kumi jioni anaingia Zefiryn Kocur, mstaafu wa mgodi,
boksi kwapani.
"Miaka thelathini na mmoja," asema, "nilivaa taa kichwani
nipate kuona gizani. Ninyi mmeniuzia giza
la kuvaa, ili nione taa."
Nacheka. Yeye hacheki.
Mjukuu wake alimnunulia kwa mshahara wa kwanza,
akamwekea mchezo wa mgodini, eti atafurahi.
"Makaa yao yanang'aa kama viatu vya harusi.
Hakuna vumbi. Hakuna panya. Hakuna anayekohoa.
Lakini kuna kona, kama ile aliposimama Alojz siku ile.
Nikasubiri.
Wameichora vizuri sana ile kona."

Ananyamaza. Foleni nyuma yake inavuta kamasi.
Kidole changu kinaelea juu ya moja, mbili, tatu.
"Basi, nikipokee?"
Analitazama boksi, anaitazama theluji.
"Mkanda tu. Unanibana hapa.
Mna mkanda mpana zaidi?"

Hatuna. Watatoa mwakani, nasikia.
Namwandikia namba ya simu nyuma ya risiti ya mtu mwingine.
Radosław bado anasubiri mstari wake.
Mzee Kocur analirudisha boksi kwapani, anatoka,
na mlangoni anainama kidogo,
pale ambapo dari iko juu mita tano.