Bila Hodi

Nilinunua laini Mwembe Tayari.
Kijana akakipiga picha kitambulisho changu,
mbele, nyuma. "Ni kawaida, mama."

Mwezi wa kampeni, saa nane usiku, ujumbe ukaingia:
*Mwanashee Bwanaheri Msellem,
kituo chako Makadara. Tunakutegemea.*
Msellem!
Jina la babu, hata jirani hawalijui.

Hapa Kibokoni mgeni hubisha hodi mara tatu,
asipoitikiwa hurudi.
Huyu hakubisha.
Yumo ndani tangu lini?

Mwanangu Twalha acheka: "Kwani una siri gani, mama?"
Sina, baba. Nina deni la duka,
vidonge vya presha,
na kura moja.

Lakini hata nikipika mbaazi tu,
mlango naurudisha.