Rani Watano

Konokono waliingia na majani.
Mjukuu wangu Titir alinunua fungu la mimea ya majini,
akalitumbukiza bila kulisuuza, na kufikia wiki ya tatu
tangi aliloniachia marehemu Bibhuti lilikuwa limeota vipele.
Asubuhi nawabandua kwa kidole,
jioni wamerudi, wamealika ukoo.

Dawa sitaki.
Dawa humuua konokono, kisha humfuata aliyekaa naye.
Ndiyo maana Jumapili hii nimeshuka Mtaa wa Galiff,
kofia ya sufi imenifunika masikio,
kuchumbia samaki.

Ndiyo, kuchumbia.
Gofur Mollik amechutama nyuma ya mabeseni yake ya alumini
akinisifia mali kama mshenga aliyekwisha kula nauli.
"Tazama huyu, mama, botia wa Sumatra!
Rangi ya chungwa, mistari mitatu, mpole kama maziwa."
Mpole, sawa. Lakini akikua atafika kiwiko changu,
na tangi langu ni futi tatu.
Sisi wengine tutalala wapi?
"Basi huyu, mwenye mstari mmoja mgongoni."
Huyo namjua. Jirani yangu Shefali alimfuga;
Durga Puja ilipofika, gupi wake wote
walikuwa wamevaa mapezi ya kuazima.

Nina gupi kumi na wawili, mikia kama pindo la sari.
Nina gurami mzee anayejificha mlango ukibishwa hodi,
na kambale wawili wadogo, wafagizi, wasiosemezana na mtu.
Natafuta mlaji
asiyemla jirani.

Gofur akafunua beseni la mwisho, lililofunikwa gunia.
Rani.
Kwetu, ng'ambo ya mto Padma, tulimwita *bou*, bibi harusi,
kwa alivyojizungushia njano na nyeusi,
na ile haya yake ya kuwahi chini ya jiwe.
Mama alikuwa akimpika kwa haradali na pilipili mbichi.
Hilo sikumwambia Gofur.
Mtu hamwelezi mshenga
kwamba aliwahi kumtafuna shangazi wa bibi harusi.

Nikauliza yanayoulizwa.
Tabia yake? Anakula nini? Hugombana? Hulala saa ngapi?
Na katika kila swali nikasikia sauti ya mama mkwe,
mimi nina miaka kumi na sita, nimesimama juu ya mkeka:
Tembea kidogo tukuone. Fungua nywele.
Samaki wa miiba mingi unajua kumpaa?
Mimi hawakuniuliza
kama nauma.

"Mmoja atakutosha," Gofur akasema, wavu tayari mkononi.
Mmoja?
Mmoja atajibanza nyuma ya chujio,
atapauka, atakula usiku macho ya watu yakifumba,
na wenyeji watasema ana maringo.
Bibhuti angenunua mmoja.
Alikuwa mtu mwema, Bibhuti,
ila hakuwahi kuwa mgeni nyumbani kwake.
Mimi nililetwa mmoja, na walionipokea walikuwa kumi na mmoja.

Nipe watano, nikasema.
Akahesabu watano. Nikahesabu tena.

Changarawe nilikwisha kuiondoa jana,
nikatandaza mchanga laini,
maana sharubu zile ndizo vidole vyao, hazitaki kuchubuka.
Nikalaza vyungu vitatu vilivyovunjika, midomo ukutani.
Mfuko ukaelea dakika ishirini, maji yakisalimiana na maji,
ndipo nikaufungua.
Wakazama wote kwa pamoja, chungu kimoja,
mikia mitano nje.

Usiku nilizima taa nikakaa kwenye kiti chake.
Kimya kirefu. Tramu ya mwisho ikapita.
Kisha: tk.
Kisha: tk, tk.
Kama mtu avunjaye kitu kidogo kwa meno, gizani,
bila kuomba ruhusa.

Nikapapasa sahani ya karanga mezani,
nikaanza kuzimenya.
Tukala.