Mkanda Mweusi

Mikanda mitatu imelala juu ya meza yangu, Tabata Dampo,
na Chande anautaka wa buluu.
Ameshaagiza kifuniko cha plastiki angavu
ili boneti ikifunguliwa watu wauone ukikimbia.
Gari lake. Fedha yake, laki nne na ishirini.
Mkono utakaoufunga ni wangu.

Nianze na huu wa elfu thelathini na tano,
boksi lake linang'aa kuliko bwana harusi.
Niliyakwangua maandishi kwa ukucha, yakatoka.
Niliunusa: ndala mpya.
"Orijino, fundi, haki ya Mungu," aliapa muuzaji wa Gerezani,
na Mungu mwenyewe hakuulizwa.
Nimempa kijana wangu Mbaruku akafungie geti.

Wa buluu si mbaya, sisemi uongo.
Nyuzi ngumu, mgongo mnene,
umezaliwa kwa injini inayonguruma Jumamosi
na kufunguliwa Jumapili.
Ila Chande Jumatatu atakuwa Ubungo, kwenye foleni,
jua la Februari, turbo imeiva,
joto linapanda chini ya boneti
kama riba ya kausha damu.
Huo sijawahi kuuona ukizeeka.
Mweusi nimeuona. Nimeutoa kwenye injini
zilizotembea kilomita elfu tisini,
meno yote yapo, kama ya bibi asiyejua sukari.
Laki moja na themanini.
Hauna cha kuonyesha.

"Mweusi ni wa teksi," anasema Chande.

Sikumjibu habari za teksi.
Nilimwonyesha kamshafti tulizobadilisha,
pua zake ndefu, zinazosukuma valvu chini
kuliko kiwanda kilivyokusudia.
Zamani mkanda ukikatika, gari linazima, unalivuta, unanung'unika.
Sasa ukikatika, valvu na pistoni zitakutana
ndani ya chumba ambacho hazijawahi kukutana.

Chumba.
Nikamuuliza: unakikumbuka cha Manzese?

Kitanda kimoja, kodi nusu kwa nusu.
Mimi mlinzi wa usiku kwenye kituo cha mafuta,
yeye muuza viatu vya mtumba, Karume.
Saa kumi na mbili asubuhi mimi naingia, yeye anatoka,
shuka bado lina joto la mgongo wake.
Miezi kumi na minne hatukugusana bega.
Watu wakasema, hawa wanapendana.
Kumbe ni saa ya ukutani,
ya plastiki, rangi ya chai ya maziwa,
hakuna mgeni aliyewahi kuisifu.

Hadi betri ilipokwisha usiku.
Chande akachelewa kuamka, akakurupuka,
mimi nikasukuma mlango kwa bega, kwa usingizi wote wa lindo,
naye ndiyo kwanza anautoka.
Jino lake la mbele tulilitafuta chini ya kitanda
kwa mwanga wa kibiriti.

Chande akacheka. Pengo bado lipo.
Akaunyanyua ule wa buluu, akaupima uzito, akaurudisha.
"Na laki mbili na arobaini yangu?"
Tensheni mpya, nikamwambia. Puli mpya.
Pampu ya maji. Sili ya krenki, hasa sili,
maana tone moja la mafuta hula mpira polepole
nawe unaimba njia nzima.
"Kwa hiyo sipati chenji."
Hupati.

Umeme ukakatika, kama kawaida yake tukiwa na kazi.
Mbaruku akashika tochi ya simu.
Nililaza meno kwenye meno, nikaachia tensheni,
nikaweka spana kwenye krenki na kuizungusha kwa mkono,
taratibu, raundi ya kwanza,
Chande kainama karibu yangu, ulimi kwenye pengo,
raundi ya pili,
mpaka alama zikarudi kutazamana.

Nilisikiliza kwa kiganja.
Ndani mle, hakuna kilichogusana.