Meza ya Pasi

Trieste kuna upepo uitwao bora.
Usiulize bora kuliko nini:
hung'oa vigae, huangusha pikipiki,
na Machi ile, ugonjwa ulipofunga milango,
ulipita barabarani usikute
hata kofia moja ya kupeperusha.

Nives alirudi na ofisi ndani ya mfuko wa sokoni:
kompyuta, kalamu mbili, muhuri,
na kile kikombe ambacho kila mtu alijua si chake.
Jikoni meza ni ya Baba, na dawa za Baba, na redio ya Baba.
Basi akaikunjua meza ya pasi,
akaishusha hadi magotini,
na juu ya kitambaa chenye makovu ya moto
akaanza kulipa mishahara ya watu mia mbili na kumi na wanne
wabebao magunia ya kahawa bandarini.

Hao hawakuambiwa wafanyie kazi nyumbani.
Gunia halipiti kwenye waya.

Saa tatu asubuhi, mkutano.
Nyuso tisa katika vidirisha tisa,
mmoja ameganda mdomo wazi kama samaki mnadani,
mwingine anahubiri bila sauti
na wote wanampigia kelele: Fulvia, sauti! Fulvia!
Ndipo Mzee Ermanno akatokea nyuma na suruali ya kulalia,
miaka themanini na minne, nusu yake imeshamponyoka,
akadhani lile ni jengo la ng'ambo
na majirani wamejitokeza madirishani.
Akawasalimu mmoja mmoja.
Akamuuliza meneja kama mkewe amepona mguu.
Nives alitamani sakafu immeze.
Meneja akasema: Bado unamsumbua, Mzee. Asante kwa kuuliza.
Ofisi nzima hakuna aliyekuwa na habari ya mguu.

Tangu siku hiyo hawakuanza kabla hajapita.

Mengine hayakuwa na utani.
Mtandao ulikatika tarehe ishirini na sita, siku ya mshahara,
akapanda ngazi hadi paani kutafuta mnara,
kompyuta kifuani kama mtoto mwenye homa,
akatuma mafaili huku bora ikimchapa shati.
Mgongo uliuma. Kazi ilikosa ukingo:
barua ya saa nne usiku, sahani mkononi, na anaijibu.
Na Aprili aliletewa jina la Stelio, ghala namba saba,
aondolewe kwenye orodha.
Ofisini angetoka akanawe uso.
Hapa alibonyeza, na mstari wa chini ukapanda
kujaza nafasi, bila pengo,
na maharage yakaanza kuungua.

Lakini saa moja na nusu ya basi, kwenda na kurudi,
ikabaki haina mwenyewe.
Akaitumia kumenya viazi na Baba.
Akamsikia anahesabu: ena, dve, tri, štiri.
Kislovenia.
Miaka hamsini na mmoja mlango kwa mlango naye,
hajapata kumsikia na neno moja la lugha hiyo.
"Nani alikufundisha?"
"Mama. Jikoni. Shuleni tulichapwa."
Kisha akaendelea, pet, šest,
ganda likishuka kisuni kama utepe usiokatika.
Mkutano wa mchana ulianza bila Nives.
Alikuwa anaandika namba hizo, kwa matamshi ya Baba,
pembeni mwa orodha ya mishahara.

Sasa imekuja barua: kuanzia Jumatatu
wote warudi kwenye madawati yao, kama kawaida.
Kawaida ipi, haikutaja.
Ameomba siku mbili kwa wiki. Hajajibiwa.
Ameipandisha meza ya pasi hadi kiunoni,
ananyoosha blauzi isiyotoka kabatini tangu Machi,
akizunguka duara la kikombe lililogoma kufutika.
Nyuma yake Mzee Ermanno amesimama,
anatazama mahali palipokuwa na kompyuta.

"Wamehama?"

Anangoja. Pasi inatoa mvuke.

"Wote? Hata yule wa mguu?"